Moshi wa Ubani Kwenye Bomba la Bati

Sijaona alikuwa na vidole tisa. Cha kumi kilikatwa na mkasi wa bati akiwa na miaka kumi na minne, kwenye karakana ya baba yake, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, barabara ya kumi na mbili. Baba yake, mzee Khaled, alikitazama kidole pale chini, akamtazama binti, akamnasa kofi. Kisha akamfunga jeraha kwa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Maliza ndoo," akamwambia.

Akaimaliza. Ndoo ile iliuzwa ikiwa na damu yake kwenye mshikio.

Hivyo ndivyo alivyokuzwa. Mzee Khaled hakujaliwa mtoto wa kiume. Alizaa Sijaona na Saliha. Saliha alikimbilia jikoni, Sijaona akabaki na bati. Alipigwa kwa kipande cha bati, akapigwa kwa mpini wa nyundo, akapigwa kwa mkono mtupu. Alipofika miaka ishirini, siku moja mzee aliinua mkono, binti akaudaka hewani, akaushikilia. Wakatazamana. Mzee akacheka.

"Sasa uko fundi," akasema. Hakumpiga tena.

Hamissi alikuja pale kutoka Cibitoke, mtu mzima tayari, kujifunza kazi. Juma la kwanza alichomelea tangi la maji, akajiona amefika. Pale kwa mzee Khaled kila tangi lilipimwa kwa moshi. Unatia makaa ndani, unatia ubani juu ya makaa, unafunika mdomo kwa gunia bichi, unangoja. Maji hudanganya, uchafu kidogo tu na tundu linajiziba. Moshi haujui uongo. Sijaona alipima tangi la Hamissi, akamwita.

"Hii iko nini?"

"Moshi."

"Moshi ya nini?"

"Ya ubani."

"Apana. Hii ni jina ya baba yangu inatoka inje."

Akampiga bega kwa nyundo ya mti. Bega lilivimba siku nne. Siku ya tano Hamissi alipeleka posa.

Miaka ya vita wenye bunduki waliingia mtaani wakitafuta wanaume. Sijaona alimsukumia Hamissi ndani ya tangi alilokuwa akiliunda, akamwambia, "Nyamaza mpaka nikufungue," akafunika, akapanda juu, akaendelea kugonga nyundo. Wakamwuliza mume wake yuko wapi.

"Alikufa," akasema. "We ukitaka kunioa, leta posa."

Mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili yakatoka. Sijaona akayatema, akaendelea kugonga. Hamissi alisikia yote mle ndani, akanyamaza kama alivyoambiwa. Wale watu wakaenda zao. Masikio ya Hamissi yalivuma majuma mawili, lakini wote wawili walikuwa hai. Jambo hilo lilimkaa kichwani: alinyamaza, wakapona.

Vita vikaisha. Mzee Khaled akafa. Ndoo za plastiki zikaja zikaua ndoo za bati. Binti yao Houda akaolewa Uvira. Ndipo zikaanza kujengwa nyumba kubwa huko vilimani, na wenye nyumba hawakutaka tena klimu, mashine ya kupoza hewa, ya kubandika ukutani chumba kwa chumba. Walitaka mashine moja kubwa nje, na mabomba ya bati yapite darini yapeleke baridi kila chumba. Nani ajuaye bati Bujumbura? Watu wa Buyenzi. Hamissi alikata na kukunja. Sijaona aliziba na kuvisha.

Kuziba ilikuwa kazi yake, na hakumwachia mtu. Kila kiungo alikisugua kwanza kwa kitambaa chenye petroli, maana bati jipya lina mafuta, na mastiki, ule uji mzito wa kuzibia, haishiki kwenye mafuta. Kisha alipaka mastiki ya kijivu kwa mkono, akalaza juu yake ukanda wa chandarua kikuukuu, akapaka tena. Wengine walibandika skochi tu, utepe wa alumini wenye gundi, wakaondoka. Mwaka mmoja, joto la darini linaibandua, baridi yote inawapoza panya. Chandarua cha Sijaona hakikubanduka. Mastiki ikikauka alivisha bomba sufu ya kioo, karatasi yake ya kung'aa ikitazama nje. Bomba baridi likiachwa uchi kwenye dari ya moto hutoka jasho, jasho linadondoka, dari inaoza. Sufu ile ilivushwa mpaka wa Kongo pale Gatumba, nayo ilimla ngozi. Jioni alijimwagia maji baridi huku akitukana ukoo mzima wa aliyeibuni.

Lakini kabla ya kuvisha, alipima. Kwa moshi, kwa ubani, kama kwa baba yake. Aliziba midomo yote ya hewa vyumbani kwa matambara, akaweka chetezo pale bomba kubwa linapoanzia, akapepea. Hamissi alikuwa juu darini na tochi na kopo la mastiki. Palipotoka moshi, alipaka. Na kabla ya kuwasha, Sijaona alizunguka nyumba nzima akipiga kelele: "Moshi! Moshi ya kazi! Mutu asiogope!" Alifanya hivyo kila nyumba. Kwenye nyumba ya Kanyosha hakufanya.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara aitwaye Jovithe. Siku ile Jovithe alikuwa amesafiri. Mke wake, Concilie, alitoka asubuhi kwenda kwenye maombi na mtoto wao Bella wa miaka mitano, akaaga kwamba watarudi jioni. Alibaki zamu, mlinzi wa getini, Gélase, na redio yake. Nyumba ilikuwa tupu. Sijaona apige kelele kwa nani?

Kulikuwa na jambo la pili. Chumba cha mtoto kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikuwa nao Concilie.

"Huko hatukuziba mudomo ya hewa, Mama Houda," Hamissi alisema.

"Haizuru. Tundu moja. Moshi itatokea pale, tutajua bomba inapita vizuri. Panda, muzee. Au magoti yamekataa?"

"Magoti yangu yamekushinda miaka ngapi?"

"Panda, acha maneno."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho ya mzaha wakiwa wamesimama wima.

Hamissi akapanda. Akatambaa kwa tumbo juu ya mbao, pembeni mwa bomba. Kulikuwa na joto la kuivisha yai. Chini, Sijaona akatia ubani makaani, akapepea. Moshi ukaingia bombani. Hamissi akaona uzi mmoja mweupe kwenye kona, akaupaka. Akaona mwingine, akaupaka. Kwingine kote pakavu. Kazi ya Sijaona ilikuwa haivuji. Moshi wote ukaenda ulikoachiwa njia.

Wasilolijua ni kwamba Bella alikuwa ameshikwa na kifua huko kwenye maombi. Kilikuwa kifua chake cha siku zote, cha kukosa pumzi. Concilie akamrudisha, akaacha gari nje ya ukuta, akapitia mlango mdogo wa nyuma ulio karibu na chumba, akamlaza kitandani, akafunga mlango mtoto asipigwe na upepo, akaenda jikoni kuchemsha maji. Aliporudi chumba kilikuwa cheupe. Moshi ulikuwa ukimwagika kutoka darini kama maziwa, na harufu ya ubani, na mtoto ameketi, midomo ya buluu, hawezi hata kulia.

Hamissi alisikia ukelele ule darini. Haukupita kwenye dari. Ulipita ndani ya bomba, ukamjia sikioni kana kwamba mwanamke amelala kando yake.

"Yesu! Yesu! Mutoto wangu! Gélase! Wanaua mutoto!"

Sijaona naye alisikia. Akakimbia. Na hapo ndipo alipokosea kuliko yote: alikimbia na chetezo mkononi. Akaingia chumbani hivyo, mikono ya kijivu mpaka viwiko, nywele nyeupe kwa vumbi la sufu aliyoikata asubuhi, chetezo kinafuka.

"Mama Bella, pole, pole, ni moshi ya kazi, tunapima—"

"Usimuguse! Toka! Murozi!"

Murozi ni mchawi, kwa Kirundi. Neno hilo likitamkwa kwa sauti ile, mtu hahitaji kuongeza lingine. Concilie alimbeba mtoto akapita naye mbio kwenda uani. Mlangoni akapishana na Gélase anayeingia.

Hamissi alianza kutambaa kurudi kwenye tundu la kushukia, akafika juu ya chumba kile. Kisha akasikia.

"Nilisema mi! Nilisema! Hawa watu ya Buyenzi na majini yao!"

"We zamu, sikia. Jini gani anatumia skochi na mastiki? Kuja nikuonyeshe mashine—"

Pigo la kwanza Hamissi alilijua kwa sauti. Aliishi na vishindo maisha yake yote. Rungu kwenye bega halilii kama nyundo kwenye bati. Chetezo kikaanguka sakafuni.

"Bwana yako iko wapi? Mulikuwa wawili! Iko wapi?"

Sijaona akajibu kwa sauti kubwa mno, sauti ya kuitana ng'ambo ya barabara.

"Ameenda mujini kununua skochi! Hayuko! Baba Houda hayuko humu! Atulie huko aliko!"

Nyumba ile nzima hakuna aliyejua Baba Houda ni nani. Neno lilipanda bombani likamfikia mwenyewe. Alikuwa anaambiwa: nyamaza mpaka nikufungue.

Hamissi akanyamaza.

Alilala juu ya mbao, shavu lake kwenye bati. Akajiambia watachoka. Wale wa bunduki walipiga mara moja wakaenda. Akajiambia akishuka watawaua wote wawili. Akajiambia yeye ni mzee. Yote yalikuwa kweli. Mastiki ikaanza kumkauka vidoleni.

Mtu mwingine akaruka ukuta kutoka nyumba ya jirani, Bonfils, zamu wa huko. Hamissi alisikia Gélase akimwita kwa jina. Alisikia chuma, nondo ya zege, ikikwaruza ukuta.

"Ni nini?"

"Murozi! Ametia moshi ya majini kwa mutoto!"

"Mutoto amekufa?"

"Sijui! Piga!"

Sijaona mwanzoni alipigana. Alisikika akipigana. Kitu kilivunjika, na Bonfils akapiga yowe, "Ameniuma! Ameniuma, huyu mubwa!" Sijaona akacheka kicheko kifupi. "Piga kama mwanaume, we! Baba yangu alipiga kuliko hapo!" Kisha akaacha matusi, akaanza kumtaja Mungu. Kisha akaacha na hilo. Ikabaki nondo peke yake, na pumzi za wanaume wawili.

Hamissi aliliona kosa la hesabu yake hapo, na alikuwa amechelewa. Mwenye bunduki hupiga akaenda, kwa sababu haogopi kitu. Hawa walikuwa wanaogopa. Waliogopa kwamba mwanamke yule akiinuka atawaroga. Mwenye woga hachoki.

Hakutafuta tundu la kushukia. Aliinua miguu yote miwili akaipiga dari. Dari ikapasuka, akashuka nayo, na kipande cha bomba kikashuka pamoja naye, bati la mita mbili na kona zake kama visu. Lilimwangukia Gélase shingoni na begani, mfupa wa bega ukalia. Hamissi aliangukia magoti. Aliinuka na nyundo aliyokuwa ameichomeka kiunoni. Alimpiga Bonfils mkono ulioshika nondo, akaupiga tena ulipokuwa chini, akampiga taya. Aliona meno. Hakuhesabu. Bonfils alitambaa kuelekea mlangoni, Hamissi akamfuata akimpiga kisigino, goti, mgongo, bila kusema neno. Angemuua. Kilichomzuia ni Concilie kusimama mlangoni na mikono juu.

"Basi, muzee! Basi! Mutoto anapumua! Amepata pumzi!"

Nyuma yake uani mtoto alikuwa akilia kwa sauti nzima, anaomba maji.

Concilie akatazama chini. Akamwona Sijaona. Akatazama chetezo na ubani uliomwagika, kopo la mastiki, bomba lililolala juu ya Gélase na kanda za chandarua zilizopakwa vizuri kwenye viungo vyake. Alikuwa mtu mwenye akili. Ilimchukua kitambo kidogo tu.

"Mana yanje," akasema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mulikuwa munafanya kazi."

Hamissi alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa amempakata mkewe.

Walimpeleka hospitali kwa gari la Concilie, naye mwenyewe ndiye aliyeendesha. Polisi walikuja wakawachukua wale mazamu wawili, mmoja kwenye machela. Walimwuliza Hamissi maswali. Alijibu ndiyo na apana.

Siku ya pili Sijaona alifungua jicho moja. Jingine halikufunguka tena. Aliongea polepole, mdomo umevimba.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

 Mkono wenye vidole vinne ulikuwa juu ya shuka, mastiki bado imo kwenye kucha.

"Nilikuambia utulie," akasema. "Ulitulia?"

"Nilitulia. Mwisho nikashuka."

"Nilikusikia. Umevunja dari ya watu, Baba Houda." Akapumua. "Na bomba yangu."

"Na bomba yako."

"Ilikuwa inavuja?"

"Pahali pawili tu. Nilipaka."

"Pawili," akasema, kama mtu aliyetukanwa. Akafunga jicho.

Hamissi alitaka kumwuliza: ulitaka kweli nitulie, au ulitaka nishuke? Hakuuliza. Alfajiri ya siku ya tatu Sijaona alikata roho, na baada ya adhuhuri walimzika. Houda alifika kutoka Uvira kaburi likiwa bado bichi.

Matangani watu walijaa mpaka barabarani. Mafundi wa bati, mafundi wa magari, watu wa msikitini. Concilie naye alikuja, kajifunga kitambaa kichwani, akaketi karibu na mlango, juu ya mkeka, pamoja na viatu vya watu. Hakuna aliyemfukuza. Hamissi alimwendea akamwuliza neno moja.

"Mutoto?"

"Muzima."

"Vizuri," akasema, akarudi kukaa.

Wanaume wakaanza kusimulia. Kila mmoja alikuwa ameisikia kwa mtu. Kwamba mzee Hamissi, na umri wake ule, alipasua dari akawaangukia kama mwewe. Kwamba walikuwa wanne. Baadaye walikuwa sita. "Mwanaume ni yule," walisema, "alisikia mke wake anaguswa tu, akashuka na bomba zima." Walimgonga bega. Walimletea kahawa. Hamissi alikaa katikati yao siku ya kwanza, akakaa siku ya pili. Kila aliyeisimulia, Hamissi alitazama chini.

Siku ya tatu, mchana, watu wakingojea chakula, mmoja alianza tena. Alipofika kwenye "alisikia tu, akashuka", Hamissi akasema:

"Apana."

Wakamgeukia.

"Sikushuka," akasema. "Nililala juu. Nilisikia fimbo ya kwanza, nikalala. Nilisikia wa pili amekuja na chuma, nikalala. Alitukana, akaomba Mungu, akanyamaza. Akinyamaza ndiyo nilishuka."

 Mmoja alikohoa. Mwingine akasema, "Lakini muzee, yeye mwenyewe si alikuambia—" na Hamissi akamtazama, akakoma.

Saliha alikuwa amesimama mlango wa uani. Alikuwa na mwiko mkubwa wa kusongea mkononi, na alikuwa amesikia. Alipita katikati ya wanaume, mwanamke wa miaka sitini na kitu, hakuvua viatu, akafika mbele ya shemeji yake.

"Muda gani?" akauliza.

"Mastiki ilikauka mukononi."

Saliha alikuwa mtoto wa fundi. Alijua mastiki inakauka kwa muda gani kwenye joto la darini, na si dakika moja wala mbili.

Akampiga mwiko usoni. Akampiga tena. Akampiga sikio, akampiga mdomo, na mdomo ukapasuka. Wanaume waliinuka kumshika.

"Muache," Hamissi akasema. "Mukae."

Wakakaa. Saliha alimpiga kama baba yao alivyokuwa akipiga, bila kelele, mkono ukipanda na kushuka. Hamissi hakuinua mkono wala kugeuza uso. Damu ilimshuka kidevuni ikaingia kwenye kanzu. Houda alilia kutoka ndani, "Mama mudogo, basi!" lakini hakuja. Concilie pale mlangoni alifunika macho.

Mkono wa Saliha ulipochoka aliushusha. Alihema. Akageuka akaenda uani, na watu wakasikia sufuria ikifunuliwa. Akarudi na sahani ya wali, akaiweka mbele yake juu ya mkeka, kwa kishindo, wali mwingine ukamwagika.

"Siku tatu hujaweka kitu mudomoni," akasema. "Kula."

Hamissi akanawa mikono. Akala.